Kabla ya Kumlaumu Babu Yake

*Shangazi, naishi Bunda mjini, nina mume na watoto wawili, wa kwanza ni wa kiume, yuko darasa la pili. Mume wangu kwao ni Butiama. Tulipooana alikuwa mtu wa utani, wadogo zangu wakija walikuwa wakimkimbilia yeye kabla yangu. Sasa amebadilika. Jambo dogo tu, chumvi imezidi au mtoto kaacha mlango wazi, analipuka. Amevunja redio, amerusha sufuria ya mboga ukutani, na mwezi uliopita alinizaba kibao mbele ya watoto. Baadaye hukaa nje akilia, anasema hajui kimemwingia nini.*

*Nilienda kwa mama mkwe. Akaniambia nivumilie, hiyo ni damu ya ukoo, babu yake mzaa baba alikuwa hivyo hivyo na kijiji kizima kilimwogopa, na kwamba watu wa Mara ndivyo tulivyoumbwa. Mchungaji kasema ni pepo wa hasira, tufunge na kuomba. Mdogo wangu wa kiume anasoma Chuo cha Ualimu hapa hapa Bunda. Amenionyesha daftari lake la saikolojia, akasema hasira ni kazi ya ubongo na homoni, kuna kitu kinaitwa amigdala, mtu hajichagulii. Nimechanganyikiwa. Kama ni damu, je, mwanangu naye atakuwa hivyo? Kama ni ubongo, basi mume wangu hana kosa, na mimi nina haki gani ya kulalamika?*

*Zamani alikuwa bodaboda. Pikipiki aliiacha baada ya ajali pale Kiabakari mwaka juzi, akalala hospitali siku mbili hajitambui, ila alipona vizuri. Sasa anavua dagaa, usiku yuko ziwani, mchana analala. Anakunywa, si sana. Zaidi ya hapo ni mzima, hana ugonjwa, labda kichwa kumuuma, na siku hizi hata ugali ukiungua hasikii harufu. Zamani yeye ndiye alikuwa wa kwanza kulalamika. Nisaidie.*

*Mama Wawili, Bunda*

Mwanangu, pole kwa kibao, na pole kwa siku zote ulizoishi ukinyata ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Nianze na swali lako la haki, maana hilo haliwezi kungoja. Haki ya kulalamika unayo, iwe ni damu, ubongo, pepo au vyote vitatu. Kujua kilichomfanya mtu anyanyue mkono hakumpi ruhusa ya kuunyanyua. Mdogo wako akishakueleza amigdala kwa ufasaha wote, shavu lako bado linauma. Hilo liweke kando kwa sasa, nitalirudia kabla sijamaliza, kwa kirefu.

Sasa barua yako. Ukoo umeupa nafasi kubwa, mchungaji kapata yake, mdogo wako kapata yake. Ajali ya Kiabakari umeipa sentensi moja, tena ili tu unieleze kwa nini mumeo aliacha bodaboda. Na ugali ulioungua umeutaja kama kichekesho. Mimi ningeigeuza barua hii juu chini. Mtu aliyelala siku mbili bila kujitambua hakupata jeraha dogo la kichwa, hata kama alitoka hospitali akitembea kwa miguu yake. Huko ndiko kulikuwa kwa kuanzia kutafuta, na naona hakuna aliyetafuta.

Ngoja nikueleze kwa nini ugali ule umenishtua. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, imekalia mfupa ulio juu ya macho, na mfupa huo kwa ndani una miinuko na kingo zenye kukwaruza. Chini ya sehemu hiyo, juu kabisa ya pua, kuna nyuzi laini za neva za harufu zinazopita kwenye matundu madogo ya mfupa kuingia ubongoni. Mtu akianguka kutoka kwenye pikipiki, kichwa hugonga lami na kusimama ghafla, lakini ubongo ulioko ndani bado unakwenda. Unateleza juu ya mfupa ule. Nyuzi za harufu hukatika, na ubongo wenyewe huchubuka mahali pale pale. Kwa hiyo mtu anapopoteza harufu baada ya ajali, daktari makini haulizi habari za pua peke yake. Anamgeukia mke na kuuliza: tabia yake ikoje siku hizi?

Mwulize mdogo wako kama wameshafika kwa Phineas Gage. Ni vigumu kusoma saikolojia ya mwaka wa kwanza bila kukutana naye. Gage alikuwa msimamizi wa genge la wajenzi wa reli huko Vermont, Marekani, kijana wa miaka 25. Tarehe 13 Septemba 1848 alikuwa akishindilia baruti kwenye tundu la mwamba kwa mtarimbo wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi. Baruti ikawaka. Mtarimbo ukaingia chini ya mfupa wa shavu la kushoto na kutokea utosini, ukaangukia mbali. Gage hakufa. Alizungumza, akapanda gari la ng'ombe, akamsubiri daktari akiwa ameketi. Baada ya miezi kadhaa alikuwa anakula, anatembea, anahesabu, anakumbuka. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu yule mstaarabu aliyeaminiwa na waajiri alikuwa amegeuka mtu wa matusi, asiye na subira, anayepanga jambo na kuliacha hapo hapo. Rafiki zake walimwona ni mtu mwingine.

Vitabu vingi huishia hapo, na ndiyo maana wanafunzi hutoka darasani wakidhani ubongo ukishaumia mchezo umekwisha. Mwaka 1852 Gage alikwenda Chile, akafanya kwa miaka kazi ya kuendesha gari la abiria la farasi, kazi inayotaka kuamka mapema, kukumbuka ratiba, kuongea na abiria na kuwatawala farasi kadhaa kwa pamoja. Mtu asiyeweza kujizuia hata kidogo hadumu kwenye kazi ya namna hiyo miaka yote hiyo. Hafiki hata mwezi. Baadhi ya wachunguzi wa maisha yake wanaamini kwamba kazi ya kila siku yenye utaratibu ule ule ndiyo iliyomrudishia sehemu ya utu wake. Alifariki mwaka 1860, baada ya kuanza kupata kifafa. Naomba uyashike yote mawili, Chile na kifafa, kwa sababu yote yanamhusu mumeo.

Sijasema mumeo ni Gage. Mimi sijamwona, na hakuna mtu anayepima ubongo kwa barua. Nimesema tu kwamba una mume aliyekuwa mpole, akaumia kichwa, akapoteza harufu, akabaki na maumivu ya kichwa, akawa mkali. Ukoo wake ulikuwa ule ule kabla ya ajali.

Mdogo wako mpe hongera, amesoma vizuri, ila hajafika mwisho wa daftari. Amigdala ipo, zipo mbili, moja kila upande, ndogo kama punje ya lozi, ndani kabisa ya ubongo. Kazi yake kubwa ni kunusa hatari kabla hujajua umeona nini. Wewe umekulia huku, unajua yowe la usiku la wizi wa ng'ombe: likipigwa, watu wanatoka na mapanga kabla ya kuuliza, na ni kazi ya mwenyekiti wa kitongoji na wazee kufika na kuuliza nani kaibiwa, lini, nani kaona. Amigdala hupiga yowe. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayokuja kuuliza maswali na kuwarudisha watu nyumbani. Kwa mtu aliyeumia pale mbele, yowe ni lile lile la siku zote, ila wazee wanachelewa kufika, na wakati mwingine hawafiki kabisa.

Yowe likishapigwa mwili wote unaitika. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, ini linafungua akiba ya sukari, tumbo linasimamisha kazi, damu inakimbilia kwenye misuli ya mikono na miguu. Mwanafiziolojia Walter Cannon wa Harvard aliyaeleza haya mwaka 1915, na ni mambo yale yale yanayompata pundamilia wa kule Ndabaka simba anapomtokea. Tofauti ni kwamba simba akishaondoka, pundamilia anarudi kula nyasi. Binadamu anabaki amekaa na deni la nyavu, maneno ya jana na bei ya dagaa, na mwili wake hauoni tofauti kati ya hayo na simba.

Kuna jambo moja la kutumia hapa leo leo. Mwili ukishawaka hivyo, huchukua dakika 20 au zaidi kutulia, hata kama kilichouwasha kimeondoka. Ndani ya dakika hizo hakuna maelezo yanayoingia. Ukimwambia “sikiliza kwanza”, “mbona unafoka”, “nimefanya nini mimi”, kila sentensi ni kuni. Chukua watoto, toka, nenda kwa jirani. Usijibu, usinune mlangoni. Mazungumzo ni ya kesho, wakati ameshalala na kula, na yeye mwenyewe mkubaliane siku ya amani kwamba ukitoka hivyo hujamdharau.

Sasa twende kwa mama mkwe. Mheshimu, lakini tumpime kidogo.

Hasira kurithiwa si uzushi mtupu. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti ya ukali kati ya mtu na mtu inaendana na urithi. Lakini urithi huo umesambaa kwenye jeni nyingi, kila moja na mchango mdogo. Jeni moja tu ndiyo iliyowahi kupata jina kubwa kwenye magazeti. Mwaka 1993 daktari Han Brunner wa Uholanzi alieleza habari za familia moja ya nchi hiyo ambayo wanaume wake kadhaa walikuwa na fujo za kutisha, na wote walikuwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo MAOA, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja serotonini, adrenalini na kemikali nyingine za ubongo. Hitilafu ile ni adimu sana duniani. Lakini jambo linalonifurahisha, na usimwambie mama mkwe wako mpaka siku ambayo mna mengine ya kucheka, ni kwamba jeni hiyo imekaa kwenye kromosomu X. Mwanamume hupata X yake moja kutoka kwa mama. Baba humpa Y. Kwa hiyo babu mzaa baba, hata angekuwa na jeni hiyo, asingeweza kumpa baba yake mumeo, wala mumeo. Kama kuna mtu wa kuulizwa kuhusu X ya mumeo, ni mama mkwe mwenyewe. Na X ya mwanao ni yako.

Nalitaja hili kwa sababu watu wakisema “damu ya ukoo” kwetu wanafikiri kama urithi wa ng'ombe, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Jeni hazifuati utaratibu wa zizi la ng'ombe.

Na hilo la watu wa Mara kuumbwa na hasira, mwanangu, nimechoka nalo. Mkoa huu una Wakurya, Wajita, Wazanaki, Waikizu, Wajaluo, Wakwaya, Wangoreme na wengine, watu wa lugha mbalimbali, na tukifika Dar es Salaam wote tunaitwa “Mkurya” na kuulizwa panga liko wapi. Sehemu ya sifa hiyo ina mkono wa mkoloni. Maofisa wa Kiingereza wa jeshi la King's African Rifles walikuwa na desturi ya kuyagawa makabila kuwa ya vita na yasiyo ya vita, na Wakurya wakawekwa kwenye kundi la kwanza, wakaandikishwa kwa wingi. Vijana wakaenda, wakarudi na mshahara na koti, na sifa ikakaa. Leo tunaibeba wenyewe na kuwapa watoto, wa kiume hasa: wewe ni wa Mara, usikubali. Halafu tunashangaa.

Swali lako la mwanao ndilo lililonifanya nitamani kukueleza habari za nyani. Mto Mara unaopita chini ya daraja la Kirumi kabla ya kumwagika ziwani hutoka Kenya, na umepita kwanza kwenye hifadhi ya Masai Mara. Huko, kuanzia mwaka 1978, Mmarekani Robert Sapolsky alikuwa akirudi mwaka hadi mwaka kuchunguza nyani, jamaa za hawa wanaovamia mashamba yetu yaliyopakana na Serengeti. Aliwalaza kwa sindano ya kupuliza, akachukua damu, akapima homoni za msongo. Kundi moja aliloliita la msituni lilipakana na kundi jingine lililokuwa likiishi kwenye jalala la hoteli ya watalii. Kila asubuhi madume wakali wa kundi la msituni walikwenda jalalani kugombania makombo. Madume wapole, wasiopenda ugomvi, walibaki nyumbani na majike. Katikati ya miaka ya 1980 nyama yenye kifua kikuu ikatupwa jalalani. Waliokula wakafa, na karibu nusu ya madume wa kundi la msituni, wale wakali, wakafa pamoja nao.

Waliobaki waliishi kwa upole zaidi. Vurugu zilipungua, madume walipunguza kuwaonea majike na wanyonge, wakakaa muda mrefu zaidi wakichambuana manyoya, na damu ya wanyonge ikaonyesha msongo mdogo kuliko ilivyo kawaida ya wanyonge wa nyani. Hadi hapo hakuna ajabu, wakali wamekufa. Ajabu ilikuja baadaye. Dume la nyani likibalehe huhama kundi lake na kwenda kuishi na wengine. Baada ya miaka kama kumi hapakuwa na dume hata mmoja aliyebaki wa zamani zile. Wote walikuwa wahamiaji, waliozaliwa na kukulia kwenye makundi ya kawaida yenye ngumi za kawaida. Na kundi lilibaki pole. Wageni walikuja na ukali wao, wakapokelewa tofauti, wakabadilika. Sapolsky na Lisa Share walichapisha habari hii mwaka 2004. Damu ya madume wale ilitoka kwingine kabisa.

Mwaka 2002 utafiti uliofanywa kwa watoto wa mji wa Dunedin, New Zealand, waliofuatiliwa tangu kuzaliwa hadi utu uzima, uliitazama jeni ile ile ya MAOA katika hali yake ya kawaida, ambayo huwa na nguvu kwa wengine na dhaifu kwa wengine. Wavulana wenye jeni dhaifu walioteswa utotoni ndio waliokuwa hatarini zaidi kuwa watu wa fujo. Wenye jeni hiyo hiyo waliolelewa bila mateso hawakuwa hivyo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo, lakini hakuna uliowahi kuonyesha kwamba mateso ya utotoni hayana madhara. Kwa hiyo usihofie anachokibeba mwanao kutoka kwa babu yake. Hofia alichokiona mwezi uliopita.

Nije kwa usingizi, maana hapo unaweza kupima mwenyewe bila kusubiri daktari. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwanyima usingizi vijana wenye afya kwa saa 35 hivi, kisha wakawaonyesha picha za kuudhi wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo. Amigdala zao ziliitika kwa asilimia 60 hivi zaidi ya za waliolala, na mawasiliano kati ya amigdala na sehemu ya mbele yakalegea. Hao ni watu wasiowahi kuanguka na pikipiki. Mumeo anafanya kazi ya dagaa, na ninyi mnajua dagaa hawavuliwi mbalamwezi. Kwenye giza anakesha usiku kucha, anarudi kulala mchana chini ya bati, jua linawaka, watoto wanacheza, jirani anasaga. Mbalamwezi ikija anapumzika, analala usiku kama watu.

Chukua kalenda ya ukutani. Kila siku anapolipuka weka alama, hata kama ni kelele tu. Weka na alama ya siku alizokunywa. Fanya hivyo giza mbili na mbalamwezi mbili. Kama alama zinajaa wiki za giza na kupungua mbalamwezi, umempata mshitakiwa mmoja, na huyo si babu. Hapo mna la kuzungumza: apate chumba chenye pazia nzito, watoto waende kwa bibi saa zile, au abadili kazi. Kumbuka Gage na gari la farasi la Chile. Kazi ya mchana yenye utaratibu, hata kama ni ya kipato kidogo kama kuanika na kufunga dagaa kwenye mwalo, inaweza kumsaidia kichwa chake kuliko unavyodhani.

Pombe umesema “si sana”. Kwa ubongo ulioumia hakuna “si sana”. Kiasi kilichokuwa kikimfanya acheke zamani sasa kinaweza kumlewesha na kumwasha, na gongo kwa mtu aliyeumia kichwa huongeza hatari ya kifafa. Hili mwambie akiwa mzima, bila kuhubiri. Au bora zaidi, mwambie mchungaji amwambie. Mchungaji na aombe, mimi simkatazi. Lakini akiwa mtu mwenye busara atamshika mkono mumeo na kumsindikiza kliniki, kwa sababu mwanamume wa kwetu hukubali haraka kupelekwa na mwanamume mwenzake aliye na Biblia kuliko na mke wake.

Kabla ya kliniki, unaweza kumjaribu nyumbani. Siku ya utulivu mfumbie macho kwa kanga, mpe anuse kahawa, kisha karafuu, kisha sabuni ya kuogea, pua moja moja. Usitumie pilipili wala dawa kali ya chooni, maana hizo huchoma neva nyingine na atadhani anasikia harufu. Asipotambua hata kimoja, liandike.

Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa pale Musoma. Wakiona inafaa watawaelekeza Bugando, Mwanza, ambako kuna kipimo cha picha ya ubongo na madaktari wa magonjwa ya akili. Usishangae picha ikitoka safi. Madhara ya jeraha la namna hii wakati mwingine hayaonekani kwenye picha, na daktari mzuri atategemea historia kuliko picha. Wataangalia pia mambo mengine yanayomfanya mtu awe mkali bila kupenda, kama tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi. Zipo dawa zinazosaidia ukali wa baada ya jeraha la kichwa, lakini ni za kuandikiwa na kufuatiliwa, usinunue kidonge cha usingizi dukani kwa ushauri wa jirani. Baadhi ya vidonge hivyo humwondolea mtu hata ule uwezo mdogo wa kujizuia uliobaki. Na akianza kutapika, kupata degedege, kulegea upande mmoja wa mwili, au kichwa kuuma kuliko siku zote, hiyo si ya kusubiri miadi, ni ya kukodi gari usiku huo huo.

Nimeahidi kurudi kwenye usalama wako. Ubongo ulioumia unaweza kueleza kwa nini mkono wake ni mwepesi, na kwa sababu hiyo hiyo huwezi kutegemea ahadi yake ya machozi kwamba haitatokea tena. Anaahidi kwa moyo wa kweli, nakubali. Ahadi inatoka sehemu ile ile ya ubongo yenye matatizo. Kwa hiyo usikae ukingoja apone ndipo uwe salama. Panga nyumba ya kukimbilia, iwe ya karibu, na mwenye nyumba ajue. Weka pembeni nauli, kadi za kliniki za watoto na simu yenye salio. Panga na visu havikai sebuleni wala chumbani. Akikupiga tena, Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi hapo hapo Bunda, na ofisi ya ustawi wa jamii iko halmashauri. Wanaweza kumwita na kumpa sharti la matibabu, jambo ambalo mke peke yake hawezi kumpa. Kwa ajili ya watoto kuna simu ya bure, namba 116. Kwenda huko si kumsaliti mgonjwa. Mgonjwa mwenye mkono mzito anahitaji watu wengi zaidi ya mke mmoja wa kumzuia.

Na mwanao wa darasa la pili aambiwe kwa maneno yake kwamba baba aliumia kichwa, kwamba kupiga ni kosa hata hivyo, na kwamba si yeye aliyesababisha kwa kuacha mlango wazi. Watoto wa umri huo hujihukumu kimya kimya.

Siku ya kwenda Musoma, tafuta cheti alichopewa alipotoka hospitali mwaka juzi, na nakala ya fomu ya polisi (PF3) ya ajali kama mnayo. Chukua karatasi, andika tarehe ya ajali, siku alizolala bila kujitambua, lini ulianza kuona mabadiliko, lini harufu ilipotea, anakunywa nini, analala saa ngapi. Ambatanisha kalenda. Karatasi hiyo mpe daktari mkononi, wewe mwenyewe, na uombe uingie naye chumbani. Ukimwachia mumeo aeleze, atasema ni kichwa tu kinamuuma, atapewa panadoli, na mtarudi Bunda jioni hiyo hiyo mkiwa mlipokuwa.